Dada wa pikipiki, andika kila safari

Miezi minane ya kwanza ya kupeleka mizigo kwa pikipiki niliamini kwamba napendwa kazini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, Kariakoo, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Tulikuwa madereva kumi na wanne, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Asubuhi mratibu akigawa mizigo, mimi napewa ya Ilala, Upanga, Magomeni, nikienda mbali sana ni Kinondoni. Ya Tegeta, Goba, Mbagala na Kigamboni wanachukua wenzangu. "Dada yetu tusimchoshe," mratibu anasema, na chumba kizima kinaitikia. Mvua ikinyesha naambiwa nibaki ofisini nipokee simu. Jioni nikirudi Manzese namsimulia mama jinsi kaka zangu wa kazini walivyo waungwana.

Siku moja ya malipo nilikaa kwenye benchi na kijana aliyekuja kazini miezi mitatu baada yangu. Hakuwa ananificha kitu. Alifungua karatasi yake pale pale akawa anahesabu kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake. Nikaona jumla yake. Nikaangalia yangu. Nilidhani nimekosea kusoma, nikasoma tena.

Malipo yetu yalikuwa kwa safari. Mzigo wa karibu dereva anapata shilingi 1,500, wa mbali anapata 4,000. Pikipiki ni ya kampuni na mafuta ni ya kampuni, kwa hiyo umbali haukumpunguzia dereva chochote. Kesho yake nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili, nikaanza kuandika: tarehe, saa niliyokabidhiwa mzigo, umetoka wapi, unakwenda wapi, malipo. Nikamwomba yule kijana naye aniandikie zake kwa wiki moja, akakubali. Jumamosi jioni tukalinganisha. Mimi nilikuwa nimekwenda safari 78: za karibu 71, za mbali 7. Shilingi 134,500. Yeye alikwenda safari 61: za karibu 27, za mbali 34. Shilingi 176,500. Nilikuwa nimepanda na kushuka kwenye pikipiki mara kumi na saba zaidi yake, kwenye foleni ya katikati ya mji, jua la utosi, halafu nimepata pungufu ya shilingi 42,000. Kwa wiki nne ni 168,000. Zidisha kwa miezi minane utaona ile huruma ilinigharimu kiasi gani.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mabinti wengi wanaoingia kwenye kazi hii wamejiandaa kwa matusi. Wanategemea kuambiwa "nenda kapike." Hayo yapo, na yanaumiza, lakini unayasikia na unajua umetukanwa. Kilichonila mimi kilikuja na sauti ya upole, kikaniita dada, kikaniuliza kama nimekunywa chai. Mtu anayekupunguzia kazi kwa kukuhurumia hajioni kama anakubagua, na wewe unaona haya kumlalamikia. Ndiyo maana nasema andika. Daftari halioni haya.

Andika hata siku ambazo hakuna tatizo. Ukianza kuandika baada ya kuudhika, utaandika hasira na utasahau saa na tarehe. Mzigo ukihamishwa kutoka kwako kwenda kwa mwenzako, andika nani amehamisha na sababu aliyoitoa, kwa maneno yake mwenyewe. Siku uliyobakizwa ofisini kwa sababu ya mvua iandike, na andika kama wenzako walitoka. Kama mnapokea kazi kwenye kundi la WhatsApp, usifute. Piga skrinishoti ujitumie kwenye barua pepe, maana simu ya dereva wa pikipiki inaibwa, inaanguka, inalowa.

Nilipopeleka daftari kwa meneja sikwenda na kelele. Nilimwomba dakika kumi, nikaweka kurasa mbili mezani, yangu na ya kijana, kwa ruhusa yake. Mratibu akaitwa. Akasema, na naamini alikuwa anasema kweli, "Sisi tulikuwa tunamlinda." Nikauliza ananilinda na nini. Akasema barabara za mbali ni hatari. Katika mwaka ule walianguka madereva wawili, wote wanaume, na hakuna aliyependekeza wanaume wasiende Mbagala. Meneja akaangalia zile namba kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata mizigo ya mbali ikaanza kugawiwa kwa zamu, jina linafuata jina kwenye ubao. Kigamboni nilikataliwa mwezi mzima zaidi, kwa madai kwamba kule kuna giza, mpaka siku madereva watatu walipougua nikatumwa na nikarudi salama. Sikuombwa radhi wala sikurudishiwa ile miezi minane. Nakwambia hivi ili ujue kwamba daftari lilinisaidia, ila halikunisaidia kwa yote.

Sasa sheria, kwa ufupi, kwa sababu nilikaa muda mrefu nikidhani sheria ni ya watu wa maofisini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu ya jinsi yake, ujauzito, hali ya ndoa na mambo mengine yaliyotajwa pale. Kumsumbua na kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo nako kumehesabiwa kuwa ni ubaguzi. Kitu ambacho madereva wengi hawakijui ni hiki: ukionyesha ushahidi wa awali kwamba umebaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Kurasa za kaunta buku zinaweza kuwa ushahidi wa awali. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, na huhitaji wakili kujaza ile fomu yao. Lakini angalia siku. Kama umefukuzwa una siku 30 tu; mgogoro mwingine una siku 60. Nimewaona wawili wakifika na kesi nzuri, wamechelewa kwa sababu walikuwa wakisubiri bosi atulize moyo. (Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao wenyewe ya ajira, namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo waulizie kule.)

Utaambiwa wewe si mwajiriwa. Utaambiwa wewe ni mshirika, ni wakala, unajitegemea, na karatasi uliyosaini itasema hivyo hivyo. Usikubali haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba umeitwa jina gani, kama kuna hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa: namna unavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine, saa zako anazipanga mwingine, umepewa vitendea kazi, unamtegemea yeye kwa kipato, unamfanyia kazi yeye peke yake. Upande wa pili ndio wenye kazi ya kuonyesha vinginevyo. Mimi nilikuwa na pikipiki yao, mafuta yao, fulana yao na ratiba yao. Siku nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilikisoma kwa sauti, peke yangu chumbani.

Baada ya miaka miwili nilihamia kwenye kazi ya programu ya simu. Huko mratibu hayupo, mashine ndiyo inagawa, nikadhani shida imekwisha. Lakini mteja anaona jina lako na picha yako kabla hujafika. Kuna anayefuta oda wakati mimi nipo njiani, halafu naona imekwenda kwa mwingine mtaa ule ule. Kuna anayepiga simu: "Dereva yuko wapi?" Namwambia ndiye mimi. "Hapana, nataka dereva mwenyewe." Mlinzi wa geti Masaki aliwahi kuniweka nje dakika ishirini na chakula cha watu kinapoa, anasubiri niseme nani amenituma, huku kaka mwenye boksi kama langu anapita bila kuulizwa. Chakula kilipofika kimepoa, nyota ambazo wateja hunipa kwenye programu zilishuka.

Kwa mambo haya ushauri wangu ni mfupi. Andika ujumbe kwa huduma kwa wateja siku hiyo hiyo, taja saa uliyofika getini na saa uliyoruhusiwa, omba ile alama ya chini iondolewe. Mara nyingi watakataa. Endelea kutuma. Mara ya nne niliyotuma, nikiwa nimeambatanisha zile tatu za mwanzo, walinipigia simu na alama mbili zikaondolewa. Na usibadilishe picha ukaweka pikipiki au ua ili usijulikane. Nilijaribu. Safari ziliongezeka kidogo, lakini kila nikibisha hodi mteja anashtuka, na mshtuko ule ulikuwa unanichosha kuliko oda zilizofutwa.

Wapo pia wateja wanaonitafuta mimi kwa sababu ni mwanamke. Mama anayeishi peke yake na watoto, binti wa hosteli ambaye hataki mwanamume asiyemjua awe na namba yake na ajue mlango wake. Hao wamekuwa wateja wangu wa kudumu, na wanalipa vizuri. Lakini kampuni ikitumia jambo hilo, hakikisha nawe unafaidika. Kuna mahali walibandika picha yangu kwenye matangazo yao mwaka mzima, dada mwenye helmeti anatabasamu, na mwaka huo huo waliniambia bajeti ya kuninunulia koti la mvua linalonitosha haipo. Kabla hawajakupiga picha, malipo ya picha yawe yameandikwa.

Namba ya simu ni jambo ninaloombea kila binti alisikie mapema. Mteja akishakupigia kukuelekeza nyumba, namba yako anayo. Saa nne usiku anaanza: "Mrembo, umefika salama?" Kuwa na laini mbili. Ya kazi isiwe na picha yako kwenye WhatsApp, na isiwe ile iliyounganishwa na akaunti yako ya pesa kama unaweza kulipwa kwa lipa namba. Ukimaliza kazi izime. Usijibu hata kwa hasira, maana kwa mtu wa namna hiyo jibu lolote ni mlango. Na mzigo unaishia mlangoni. "Ingia ndani uniwekee jikoni" nimeambiwa na watu wema kabisa na nimekataa kwa heshima ile ile: "Bosi, utaratibu wetu ni mlangoni." Hakuna mteja mwema aliyekasirika.

Lipo lililo zito zaidi. Mgawa kazi anaweza kukuambia, kwa maneno au kwa macho, kwamba mizigo mizuri ina bei nyingine. Rafiki yangu aliambiwa hivyo na msimamizi wake, kwenye kampuni nyingine, na alikaa miezi akidhani ni aibu yake yeye. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja jambo hili: mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote anatenda kosa. Ni rushwa, na inapelekwa TAKUKURU. Namba yao ya bure ni 113. Na maneno au vitendo vya kukusumbua kijinsia ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, unaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Ukienda, nenda na mtu. Mimi nilikwenda naye, na kazi yangu kubwa siku ile ilikuwa kukaa pembeni yake asinyanyuke kuondoka. Tulikuwa na jumbe tatu za simu zenye tarehe, na askari mama aliyetupokea alizisoma zote kabla hajauliza swali.

Kuhusu mwili wa mwanamke barabarani, nitasema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Choo ni suala la ubaguzi. Mwanamume anasimama pembeni ya ukuta, wewe huwezi. Wadada wengi hawanywi maji kutwa nzima kwa sababu hiyo, na mimi nilifanya hivyo mpaka nikalala hospitali siku tatu kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Jichoree ramani yako ya vyoo: sheli zenye choo kisafi, misikiti na makanisa ambayo hayafungi geti, mgahawa ambao unapeleka chakula chao kila siku. Kila unapochukua mzigo mara kwa mara, omba choo siku ya kwanza kabisa, ukiwa bado hujabanwa, ili ijulikane kwamba dereva wao anatumia choo. Kama kampuni ina ofisi, choo chenye mlango unaofungwa ni dai la kazini, liandike kwenye barua kama unavyoandika kuhusu breki mbovu. Kwenye boksi langu hakukosekani khanga, taulo za kike, suruali moja nyeusi na chupa ya maji.

Jifunze pia pikipiki yako. Sikwambii hivyo ili uthibitishe kitu kwa wanaume. Ni kwa sababu waya wa klachi ukikukatikia Mbezi Beach saa mbili usiku, usalama wako ni spana mbili na waya wa akiba. Kubadili plagi, kukaza cheni, kurekebisha breki, hayo yanafundishwa kijiweni bure kama una heshima na hukimbii zamu. Vijiwe vina watu wa kila aina. Nimetukanwa kijiweni, na kijiwe hicho hicho kikanichangia nilipofiwa. Mwenyekiti wa kijiwe akishakutambua, matusi yanapungua kwa nusu. Kwa hiyo lipa mchango wako kama wengine, na usikubali kusamehewa mchango eti wewe ni dada. Ukisamehewa mchango utasamehewa na kura.

Nimalizie na pikipiki ya mkataba, maana huko ndiko wengi wanakwama. Unapewa pikipiki, unapeleka hesabu kila siku, yaani kiasi cha fedha mlichokubaliana na mwenye pikipiki, mwaka au zaidi ukiisha inakuwa yako. Rafiki yangu yule yule aliacha ile kampuni akazunguka kwa wenye pikipiki watano. Wanne walimwambia kitu kimoja: mwanamke atapata mimba, hesabu itasimama. Mmoja alimwambia hivyo mbele ya mke wake mjamzito. Wa tano alikubali, lakini rafiki yangu alikuja na mkataba wake ameandika mwenyewe, na ndani yake kuna kipengele kimoja ambacho nawaomba dada zangu mkinakili: dereva akiugua au akijifungua, mkataba unasimama kwa siku 84, pikipiki anaweza kuendesha mtu atakayemleta yeye mwenyewe kwa makubaliano ya pande zote, na siku hizo zinaongezwa mwishoni bila faini. Siku 84 alizitoa kwenye sheria, ndizo za likizo ya uzazi kwa mwajiriwa. Walisaini ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, nakala kila mmoja.

Kama huna wa kukupa mkataba, ulizia mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ni kazi ya kwenda na kurudi, na kikundi kinataka watu mnaoaminiana. Usijiunge na watu uliokutana nao kwenye foleni ya fomu.

Rafiki yangu alijifungua mwezi wa kumi na moja wa mkataba wake. Pikipiki ikaendeshwa na mdogo wake wa kiume, hesabu haikulala hata siku moja, kwa hiyo hata kile kipengele cha kusimamisha hakikutumika. Alirudi barabarani mtoto akiwa na miezi minne, akaanza na nusu siku, ananyonyesha saa tano asubuhi na saa tisa alasiri kwa mama yake Magomeni katikati ya safari. Alipomaliza hesabu ya mwisho, mwenye pikipiki alitaka kuchelewesha kubadilisha kadi ya umiliki, akitoa sababu hii na ile. Rafiki yangu akafungua mkataba, akafungua kaunta buku lake lenye saini ya kila siku. Kadi imetoka TRA mwezi uliopita, ina jina lake.